Nyumba Niliyoambiwa Nisiiandike

3 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Najua hupendi simu, na ile niliyokununulia nasikia inalala kwenye kabati la vyombo kati ya sufuria na chujio. Basi nakuandikia kama zamani.

Nimepata kazi, na ni ya huko kwenu. Chama cha Wakazi wa Juu kinataka kitabu kidogo cha mwongozo: historia ya mtaa, barabara zake, nyumba zake za kale, mahali mgeni asimame auone mji wote chini yake. Katibu wao alinifuata mpaka ofisini. Mtu mrefu, tai shingoni, kila neno analipiga pasi kabla hajalitoa. Nilipomwambia nina shangazi anayeishi huko akauliza, "Nyumba ipi?" Nikasema ya mwisho kabisa, yenye ngazi za mawe. Akasema, "Aaa, ile," kama mtu aliyekumbushwa jino bovu.

Mimi huko nakumbuka likizo za utotoni tu: baridi ya asubuhi, mbwa wa watu, na wewe ukinikataza kukimbia kwenye mteremko. Kusafiri sasa siwezi, gazeti halinipi ruhusa na mtoto ndiyo kwanza anaota meno. Naomba uwe macho yangu. Niambie huko kuna nini, nani alijenga nini, nani aligombana na nani. Uandike ovyo ovyo tu, mimi nitapanga.

Chiriku wako


14 Februari

Chiriku wangu,

Marahaba, mwanangu. Simu ni nzima, inapumzika.

Huyo katibu wako huku tunamwita Tai. Wengine wanasema ni kwa sababu ya kile kitambaa cha shingoni, wengine kwa jinsi anavyokodolea macho viwanja vya watu kutoka juu. Chagua mwenyewe.

Sasa sikiliza. Mtu akija Juu huanzia kwenye duka la mikate, pale barabara inapoanza kupanda. Mwoka mikate wa kwanza alijenga tanuri nje ya geti kwa sababu mabwana hawakutaka moshi. Leo moshi huo huo ndio unaowatoa kitandani. Ukipanda kidogo unaingia Barabara ya Kwanza, ya majaji na wenye meli. Jaji mmoja aliinua ukuta wake, jirani akainua wa kwake, wakaendelea hivyo hadi wote wawili wakawa hawaioni bahari waliyoinunua. Kuta bado zipo. Mwambie mgeni wako asimame katikati yake, ataona kipande cha mbingu chembamba kama utepe.

Barabara ya Pili ni ya wafanyabiashara. Kuna nyumba ya Bi Mbao, mjane wa muuza mbao, sakafu hadi dari ni mninga, na mchwa wanamheshimu kwa sababu alikuwa akiwafuata na birika la maji ya moto. Barabara ya Tatu ina tangi la maji. Zamani aliyeishi karibu na tangi alioga kwanza, na wa chini walingoja. Ndipo nyumba za juu zikaanza kupanda thamani. Watu wanasema ni kwa ajili ya mandhari, si kweli, ni kwa ajili ya kuoga.

Lakini uanze na mawe. Mlima huu ulikuwa machimbo. Wachonga mawe ndio wakazi wa kwanza, waliishi humu humu kwenye makato ya mlima na wake zao na vifua vyao vibovu. Mji wote wa chini umejengwa kwa mgongo wa mlima huu. Mabwana walipogundua kuwa hewa ya huku ni nzuri, wachonga mawe waliambiwa vumbi lao linaharibu hewa. Wakateremshwa. Hilo Tai hatalipenda. Liandike hivyo hivyo.

Jambo moja tu, mwanangu. Nyumba hii niachie. Usiitaje, usiielezee. Sema Barabara ya Mwisho ina miti na upepo, uishie hapo. Usiniulize sababu.

Shangazi yako


2 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma kwa sauti ofisini, watu wakaacha kazi. Wachonga mawe nimewaweka ukurasa wa kwanza. Tai alikunja uso, mhariri wangu akamkunjulia.

Nyumba yako sitaigusa. Nimeahidi, na ahadi ni deni. Ila nikuulize kidogo tu, kwa ajili yangu mwenyewe: yule Daktari mwenye nyumba, aliyeondoka, alikuwa mtu wa namna gani? Mimi nakumbuka mikono yake tu, mikubwa, ikimenya chungwa bila kukata ganda. Na zile ngazi nani alizijenga? Mama alikuwa akisema wewe ulikuja pale kama muuguzi wa mke wake, mke akafariki, wewe ukabaki. Mama alikuwa akiishia hapo, kisha anaanza kupepeta mchele hata kama hakuna mchele.

Chiriku


20 Machi

Mwanangu,

Mama yako, Mungu amrehemu, alipepeta mchele mwingi sana kwa ajili yangu.

Nakujibu wewe, si kitabu. Daktari alikuwa mtu wa kuchekacheka, mvivu wa kukata nywele. Gari halifiki huku mwisho, kwa hiyo aliwaita wazee wawili waliobaki wa ukoo wa wachonga mawe wamjengee ngazi. Akawaambia kila mmoja achonge anavyotaka. Ndiyo maana hazilingani: moja fupi, moja ndefu, moja ina alama ya kiganja. Wagonjwa wake wa moyo walikuwa wakipumzika kwenye ile ya kiganja na yeye anawapima hapo hapo, anasema aliyefika pale hajambo, hana haja ya dawa.

Mkewe nilimuuguza mpaka mwisho. Baadaye tukabaki watu wawili wazima ndani ya nyumba kubwa. Jioni tulikaa dirishani, lile la buluu, tunazima taa ili tuone za mji. Yeye alikuwa anazipa majina kama nyota. Alipougua, watoto wake walikuja kumchukua wakampeleka kwao ng'ambo. Mlangoni aliniambia, "Kaa." Neno moja tu. Nimekaa.

Haya, sasa umenichokonoa vya kutosha.

Shangazi


9 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Samahani kwa kimya. Kitabu kimetoka! Jalada ni la kijani, picha ya zile kuta mbili. Tai alihutubia mpaka keki ikaota ukoko. Nakala nilizopewa zimekwisha zote, watu wamenipora. Nitakutafutia, ila usisumbuke kuitafuta wewe, si kitu kikubwa, mengi yake unayajua.

Mtoto ana meno manne. Ameniuma.

Magoti yako vipi?

Chiriku


28 Mei

Chiriku wangu,

Hongera sana. Nilijua mdomo ule utakuja kulisha mtu.

Magoti yananung'unika, mimi sijibu. Siku hizi kuna wageni wengi wanapanda hadi huku mwisho, vijana kwa wazee, wanahema kama mabata. Wanakaa kwenye ngazi, wanapiga picha. Mmoja aliweka kiganja chake kwenye alama akasema kinalingana. Nawapa maji ya kunywa. Sijui wanatafuta nini huku kwenye miti na upepo.

Shangazi yako


11 Julai

Mwanangu,

Nimehamia Chini. Usishtuke. Ngazi zimenishinda, na mtu mzima lazima ajue lini amwambie mlima kwaheri. Nimepata chumba kwa fundi cherehani mmoja, mama mcheshi, mlango unafunguka moja kwa moja barabarani. Mikate iko karibu. Anwani nimeiandika nyuma ya bahasha.

Vitu vyangu vilikuwa vichache kuliko nilivyodhani. Ukikaa sana kwenye nyumba kubwa unafikiri kila kitu ni chako.

Usije sasa, chumba bado kina rangi mbichi.

Shangazi


25 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Umenifurahisha kweli! Kila mvua ikinyesha nilikuwa nakuona umeteleza kwenye zile ngazi na hakuna wa kukusikia. Chini kuna watu, kuna zahanati. Nimelala vizuri kwa mara ya kwanza tangu kitabu kitoke, sijui kwa nini nasema hivyo.

Na nyumba umemwachia nani?

Chiriku


6 Agosti

CHAMA CHA WAKAZI WA JUU
Ofisi ya Katibu

Kwa Mwandishi wa Mwongozo,

Salaam. Ninayo furaha kukujulisha kwamba toleo la kwanza la kitabu chetu limekwisha, na Kamati imeazimia kuchapa la pili. Tafadhali tuletee masahihisho yako, kama yapo.

Aidha, nachukua fursa hii kukupongeza kwa tunda ambalo hatukulitarajia. Ukurasa wako kuhusu Nyumba ya Ngazi ulimfikia mjukuu wa marehemu Daktari huko ng'ambo. Familia ilikuwa ikiamini kwamba mzee aliiuza nyumba hiyo kabla ya kuondoka. Baada ya kusoma maelezo yako (dirisha la buluu, alama ya kiganja, "mwanamke ambaye bado anazima taa jioni") mjukuu alikuja kujionea. Ikabainika kwamba haijawahi kuuzwa. Hivi ninavyoandika, familia imekwisha kuiuza, na mjenzi anakusudia kuibomoa na kuweka nyumba za ghorofa zenye hadhi. Lile suala la nyumba ya mwisho, ambalo limeisumbua Kamati kwa miaka mingi, limepata ufumbuzi.

Mama aliyekuwa akiishi humo hakuleta usumbufu wowote. Aliondoka kwa heshima. Nadhani ni ndugu yako. Tafadhali mfikishie shukrani zetu.

Wako katika ujenzi wa mtaa,

Katibu


9 Agosti

Shangazi,

Sijui nianze wapi. Katibu ameniandikia. Najua yote.

Niliiandika nyumba. Niliahidi, kisha nikaiandika. Mhariri alisema kitabu kina barabara na kuta na tangi, lakini hakina moyo, na mimi moyo nilikuwa nao kwenye mkoba, barua yako ya tarehe ishirini. Nikajiambia sitataja jina. Nikajiambia ni ukurasa mmoja tu. Nikajiambia hutauona, ndiyo maana sikukutumia kitabu, nikakudanganya kwamba zimekwisha. Zipo. Ziko kumi na mbili, chini ya kitanda, na kila nikiinama kuokota kiatu cha mtoto naziona.

Nawe ukaniandikia kuhusu magoti. Nikakujibu kwamba nimefurahi. Nimefurahi! Nikiikumbuka ile barua natamani niitapike.

Nimekupokonya nyumba yako kwa ajili ya kusifiwa. Watu walinisifu kweli, Shangazi. Ukurasa ule ndio waliousifu zaidi.

Njoo ukae kwetu. Mume wangu amekwisha kuhamisha meza yake. Nijibu hata kwa matusi.

Chiriku


30 Agosti

Shangazi,

Hujajibu. Nimepiga simu, inasema haipatikani. Nadhani imelala kwenye kabati jingine.

Nakuandikia kukujulisha jambo moja. Toleo la pili liko mtambani. Nimeuondoa ukurasa ule. Tai alibishana, nikamwambia ama ukurasa utoke ama jina langu litoke. Sasa Barabara ya Mwisho ina miti na upepo, kama ulivyoniomba. Najua nimechelewa. Lakini ndicho nilichoweza.

Mtoto anasimama. Nilitaka ujue.

Chiriku


4 Oktoba

Wewe mtoto,

Sikukujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira akishika kalamu anachoma karatasi. Sasa nina hasira mpya, kwa hiyo naandika.

Jana nimeingia dukani kununua uzi wa fundi, nikaona kitabu chako, toleo jipya. Nikaufungua ukurasa wangu. Haupo! Miti na upepo. Nilisimama pale muuzaji akaniuliza, "Mama, unajisikia vibaya?"

Nani alikutuma? Mara ya kwanza uliniandika bila kuniuliza. Mara ya pili umenifuta bila kuniuliza. Mimi ni nini, makosa ya chapa?

Sasa nikuambie usiyoyajua, maana umejibebesha mzigo wote kama punda na mimi nimekutazama nikanyamaza, na hilo si haki.

Kitabu chako nilikinunua wiki ile ile kilipotoka. Ulidhani nitakaa Juu nisikisikie, wakati mwoka mikate alikitundika dirishani? Nilisoma ukurasa ule nimekaa kwenye ngazi ya kiganja. Nilikasirika, ndiyo. Kisha nikausoma tena. Kisha nikalia, na si kwa huzuni. Tangu mzee aondoke hakuna mtu aliyewahi kusema kwa sauti kwamba mimi nimeishi pale. Tai na kamati yake wananipita kama nguzo. Ukurasa wako ulisema kuna mwanamke, anazima taa, anatazama mji. Nilijiona.

Nikavimba kichwa. Wageni walipokuja, nilikuambia sijui wanatafuta nini. Uongo. Nilikuwa nawaambia, "Ndiye mimi." Nilivaa kitenge kizuri kila Jumapili nikawangoja.

Ndipo akaja binti mmoja, mpole, kitabu kwapani. Akanywa maji. Akaniuliza, "Mama, huyu Daktari alimwuzia nani nyumba?"

Sasa ujue kwa nini nilikukataza. Mzee aliwaambia watoto wake kwamba ameiuza. Aliniambia mwenyewe, usiku wa mwisho tukiwa dirishani: "Nimewadanganya ili wasikusumbue." Hati hakuniachia. Aliniachia ule uongo tu, nao ndio uliokuwa paa langu miaka yote. Sikukuambia kwa sababu ningekuambia vipi? Kwamba shangazi yako anaishi ndani ya uongo wa mwanaume ambaye hakuwa mume wake?

Ningemjibu binti yule, "Sijui, mwanangu, mimi ni mpangaji." Maneno matano, yangetosha. Lakini kichwa kilikuwa kimejaa ukurasa wako. Nikasema, "Hakuiuza. Aliniachia mimi."

Akaweka bilauri chini taratibu. Akasema, "Daktari ni babu yangu."

Basi. Wewe ulileta mgeni mlangoni, mimi ndiye niliyemfungulia. Baba yake alikuja baada ya wiki chache. Hawakunifokea. Alivua viatu mlangoni, ana mikono ile ile ya baba yake, mikubwa, hata sikuweza kumchukia vizuri. Aliniuliza, "Mama, ulikuwa nani kwake?" Nikasema, "Muuguzi." Hilo ndilo linaloniamsha, mwanangu, kuliko hata nyumba. Niliulizwa waziwazi nikajikana mwenyewe.

Wameivunja wiki iliyopita. Nilipanda kutazama, nikasimama na mwoka mikate. Vumbi lake liliteremka mpaka Barabara ya Kwanza na majaji wakafunga madirisha.

Kwa hiyo hakuna tena dirisha wala ngazi, na sasa hata ukurasa hakuna. Urudishe.

Shangazi yako


15 Oktoba

Shangazi,

Shikamoo. Nimeisoma nimekaa sakafuni jikoni. Mume wangu aliingia, akatoka na mtoto bila kuuliza.

Sitabishana na wewe nani alifungua mlango. Nasema tu kwamba wewe ulisema maneno matatu mbele ya mgeni, mimi nilikaa siku nyingi nikipanga maneno yangu, nikiyapamba, nikijua. Si sawa. Usinipunguzie.

Ukurasa nimeuandika upya, kwa toleo la tatu. Safari hii nakuletea wewe kwanza, mtambo unangoja. Ndio huu:

"Barabara ya Mwisho. Hapa palikuwa na nyumba iliyofikiwa kwa ngazi za mawe, kazi ya wazee wawili wa mwisho wa ukoo wa wachonga mawe. Daktari aliyeijenga aliwatibu wagonjwa wake njiani. Baada ya kuondoka, nyumba ilitunzwa na muuguzi wa familia kwa miaka mingi. Ilivunjwa mwaka huu baada ya mwongozo huu kuitaja. Mwandishi alikuwa ameombwa asiitaje."

Kata unachotaka. Sentensi ya mwisho naomba uiache.

Chiriku


27 Oktoba

Chiriku,

Sentensi yako ya mwisho iache, ni yako, sina haki nayo. Tai atakohoa, mpe maji.

"Ilitunzwa na muuguzi wa familia." Futa hiyo. Andika: "Aliishi humo na mwenzake." Halafu weka jina langu, lile kamili ambalo mama yako alikuwa akiniita akikasirika. Mwana wa Daktari akisoma huko ng'ambo atakuwa amepata jibu la swali lake. Nimelichelewesha, lakini amelipata.

Kuja kwenu sitakuja. Hapa nimeanza kushona vifungo, fundi ananisema kutwa nzima na mimi namsema. Njoo wewe, na mtoto, kabla ya mvua. Mlete nimwone akisimama.

Unaniomba msamaha kila barua. Nimekusamehe, mwanangu, tangu zamani, kabla hata ya kununua uzi ule. Lakini usiniombe pia niseme kwamba hainiumi. Jioni nikizima taa huku naona ukuta wa jirani. Nakaa kidogo gizani kwa mazoea, kisha naiwasha tena.

Shangazi yako